Kilima Ni Kile Kile, Mbona Leo Kimekuwa Kirefu?



Umepanda kilima cha kwenda shambani kwa miaka mingi. Unakijua vizuri. Unajua jiwe la kupumzikia na mti wenye kivuli. Mwaka huu kilima kile kile kinakushinda. Unasimama mara tatu kabla ya kufika juu. Mzigo ni ule ule na njia haikuongezwa. Ni kitu gani kimebadilika?

Wengi hujibu haraka kwamba ni uvivu. Wengine husema ni uzee, au umerogwa. Kabla ya kujibu, tuangalie jinsi ubongo unavyopima uzito wa kazi.

Fikiri mtumbwi unaotoka Liuli kwenda Mbamba Bay. Nyuma amekaa nahodha. Mbele wamekaa wapiga makasia. Wapiga makasia wakiwa na nguvu, nahodha hutoa amri kwa sauti ndogo na mtumbwi unakwenda. Wakichoka, hulazimika kupaza sauti. Wakiwa wagonjwa, hupiga kelele mpaka koo linakauka, na mtumbwi unakwenda mwendo ule ule. Nahodha hajashika kasia hata mara moja, lakini kwa ukubwa wa sauti yake mwenyewe anajua kwamba safari ni ngumu.

Ubongo ndio nahodha. Misuli ndiyo wapiga makasia. Ubongo hutuma amri kwa misuli kupitia mishipa ya fahamu. Msuli dhaifu huhitaji amri kubwa zaidi kufanya kazi ile ile. Amri ikiwa kubwa, sisi huhisi kazi ni nzito. Tena ubongo hupokea habari kutoka mwilini: pumzi inakwenda mbio, joto limepanda, misuli inauma. Habari hizo zote huunganishwa, ndipo mtu anasema, "Nimechoka."

Wakati wa malaria jambo jingine huongezeka. Mwili unapopigana na vijidudu, hupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo nao hupandisha bei ya kila kazi. Kuchota maji ndoo moja huwa kama ndoo tano. Mwili unataka ulale, ili nguvu zitumike katika vita hiyo. Kwa hiyo mgonjwa wa homa anayekataa kuinuka hafanyi maringo.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe.

Baba mmoja alimleta mke wake mjamzito kwenye zahanati ninakofanya kazi. Hakumleta atibiwe. Alimleta nimkemee. Alisema, "Daktari, mseme huyu mama watoto. Anafukia mashimo mawili ya ngolo, anakaa chini. Wenzake wamefika mwisho wa shamba."

Sisi wa Umatengo tunajua kazi ya ngolo. Wanaume hufyeka na kupanga nyasi. Wanawake huchimba na kufukia nyasi hizo kwa udongo, kwenye mteremko mkali. Ni kazi kubwa hata kwa mtu mzima wa afya. Mama yule hakusema neno. Siku hiyo watu walikuwa wengi. Niliona tumbo, nikafikiri ni uchovu wa mimba tu. Nikampa dawa ya maumivu, wakaenda.

Baada ya wiki mbili alirudi akiwa ameshikwa mkono na dada yake. Safari hii nilivuta kope la chini la jicho. Ndani palikuwa peupe. Viganja vyake pia vilikuwa vyeupe. Tulipima damu tukapata 6. Mama mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Choo kilionyesha mayai ya minyoo ya safura. Minyoo hiyo huingia kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu, kisha hukaa tumboni na kunyonya damu.

Damu ndiyo inayobeba hewa safi kwenda kwenye misuli. Damu ikipungua, misuli hukosa hewa, moyo hukimbia, na nahodha hupiga kelele. Ubongo wa mama yule ulipima sawasawa. Mimi na mumewe ndio tuliopima vibaya.

Yupo mtaalamu wa Sweden, Gunnar Borg, aliyetengeneza kipimo kisichohitaji mashine. Unamwuliza mtu kazi ni nzito kiasi gani, kutoka namba 6 mpaka 20. Alianza na 6 kwa sababu moyo wa kijana anayepumzika hupiga kama mara 60 kwa dakika, na akifanya kazi ya kumaliza nguvu zote hukaribia 200. Nilimwuliza mama yule kuhusu kilima cha kuja zahanati. Akasema 19. Nikamwandikia barua ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna watu watasema mtu jasiri hushinda uchovu. Ni kweli kwa kiasi. Mwaka 1968 John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka akaumia goti katika mbio ndefu za Olimpiki huko Mexico, mji ulio mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari. Alimaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ubongo wake ulimwambia asimame, naye akakataa. Lakini ujasiri hauongezi damu.

Hata kahawa yetu haiongezi. Kahawa huzuia baadhi ya habari za uchovu zisisikike kwenye ubongo, hivyo kazi huonekana nyepesi. Ugonjwa unabaki pale pale. Tena ukinywa kahawa au chai pamoja na chakula, madini ya chuma yanayotengeneza damu hupungua kuingia mwilini.

Jipime kwa kilima chako mwenyewe. Kama mwaka jana ulipumzika mara moja na sasa ni mara tatu, nenda zahanati. Usingoje ukiona miguu imevimba, unakosa pumzi ukilala, au kifua kinauma unapopanda.

Mama yule alitibiwa, akajifungua salama. Miezi kadhaa baadaye alimleta mtoto kupimwa uzito. Nilimwuliza namba ya kilima. Akasema 11, na kwamba njiani alisimama mara moja tu, kumsalimia shemeji yake.