Tumkumbuke Miko Rwayitare, Mnyarwanda wa simu

Mfanyabiashara wa Rusumo huuliza kwanza bei ya mchele Kahama kwa simu, ndipo akodi gari. Ni wachache wanaojua kwamba Mnyarwanda mwenzetu, Miko Rwayitare, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuileta simu ya mkononi Afrika.

Alizaliwa mwaka 1942, akasomea uhandisi Ujerumani, kisha akafanya shughuli zake Zaire, ambayo leo ni Kongo. Mwaka 1986 alianzisha kampuni ya Telecel mjini Kinshasa. Simu za nyaya zilikuwa mbovu, na hizo mpya walizimudu wakubwa na matajiri tu. Hata hivyo Telecel ilienea katika nchi nyingine, hadi ilipouzwa kwa Orascom ya Misri mwaka 2000.

Sisi tuliosoma uhamishoni tunajua thamani ya kazi hiyo. Habari ya msiba ilitufikia kwa barua aliyokabidhiwa dereva wa lori, mara nyingi matanga yamekwisha.

Mwaka 2001 Rwayitare alinunua shamba la mizabibu la Mont Rochelle, Afrika Kusini. Mwaka 2005 akaleta mtaji nyumbani, akainunua Hoteli ya Mille Collines, Kigali. Alifariki Septemba 2007, mjini Brussels.

Wanafunzi wangu huniuliza utajiri huanzia wapi. Huwajibu kwa mfano wake: ubovu wa simu uliowachosha watu wote Kinshasa, yeye aliuona kuwa ni biashara.