Faili Lililoshikwa na Mtu Asiyeandika



Wakati wa msimu wa kununua pamba, ambao aghalabu hufunguliwa mwezi wa Mei, ofisi ya chama haina nafasi ya kubishana na mashine. Hata hivyo iko taabu moja inayozikuta ofisi zenye kompyuta mbili au tatu zilizounganishwa. Karani anafungua jedwali la malipo ya wakulima, na kompyuta inamjibu kwamba faili hilo linatumiwa na mtu mwingine. Anauliza ofisi nzima, na kila mmoja anakana kuligusa. Mara nyingi wote husema kweli, kwa kuwa aliyelishika faili si mtu aliyekuwa akiandika. Ni kidirisha cha kuchungulia, yaani ile sehemu ya upande wa kulia wa skrini inayoonyesha yaliyomo ndani ya faili kabla ya kulifungua.

Ili kuielewa taabu hii, yafaa kwanza tuelewe kufuli lenyewe lina kazi gani. Ushirika wa Kanda ya Ziwa ulijengwa na wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani, na tangu siku za Victoria Federation, iliyoanzishwa mwaka 1955, imani ya mwanachama imekaa juu ya vitu viwili: mizani na leja. Leja ya karatasi ilikuwa na kufuli lake la asili. Kitabu kilikuwa kimoja, na makarani wawili hawakuweza kuandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja bila kugongana viwiko. Faili la kompyuta halina kinga hiyo. Watu wawili waweza kulifungua katika vyumba viwili, kila mmoja akaandika yake, na atakayehifadhi mwisho akafuta kazi ya mwenzake bila yeyote kujua. Kwa sababu hiyo waliotengeneza mashine hizi waliweka kufuli la kutengenezwa.

Katika kompyuta za Windows, desturi hii imerithiwa kutoka MS-DOS, ambayo toleo lake la 3.0 lilitoka mwaka 1984. Programu inapoomba kufungua faili hutamka mambo mawili: jambo inalotaka kulifanya (kusoma, kuandika, au kufuta), na jambo inaloruhusu wengine walifanye wakati yenyewe imelishika. Programu ya pili ikija na ombi lisilopatana na ruhusa ya ile ya kwanza, hukataliwa. Basi msomaji asiyeandika hata herufi moja aweza kumzuia mwandishi, ikiwa tu alipoingia hakutamka kwamba wengine waruhusiwe kuandika au kufuta.

Hapo ndipo kidirisha cha kuchungulia kinapoingia. Kililetwa pamoja na Windows Vista mwaka 2007, nacho ni chombo cha manufaa kwa mtu anayetafuta barua moja kati ya mia. Lakini hakionyeshi picha iliyochorwa zamani. Hulifungua faili kweli kweli, kwa kutumia programu ndogo iendeshwayo kando iitwayo prevhost.exe. Vichunguliaji vilivyotengenezwa kwa uangalifu husoma yaliyomo na kuliachia faili upesi. Vingine hulishika mpaka mtumiaji achague faili jingine, na mara chache hulishika hata baada ya hapo. Mtu aliyebofya jina la faili mara moja tu, kisha akaenda kunywa chai, amekwisha kulifunga bila kukusudia.

Tuchukue mfano, ambao msomaji aweza kuuweka Kishapu, Mbogwe au Nyang'hwale. Jedwali la malipo limo katika folda ya pamoja kwenye kompyuta ya karani. Karani amelifungua asubuhi na anaingiza kilo za kila mkulima kutoka kwenye stakabadhi za mizani. Saa nne katibu, akiwa chumbani kwake, anataka kujua kazi imefika wapi. Hafungui faili, analibofya mara moja ili alichungulie. Wakati huo huo karani anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na Excel inakataa.

Kwa nini ikatae, ilhali ilimruhusu kuandika saa mbili nzima? Kwa sababu Excel, na Word hali kadhalika, haiandiki juu ya faili la zamani. Huandika kwanza faili jipya la muda pembeni, kisha huliondoa lile la zamani na kulipa lile jipya jina lake. Utaratibu huu ni wa busara, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi angalau faili la zamani linabaki. Lakini kuondoa na kubadili jina huhitaji kwamba asiwepo mtu yeyote aliyelishika faili la zamani bila kutoa ruhusa ya kulifuta. Kichunguliaji cha katibu kimelishika. Basi kazi inakwama mlangoni, na huenda folda ikabaki na mafaili ya muda yenye majina ya ajabu ambayo hakuna ajuaye yametoka wapi.

Madhara hasa hayaanzi kwa kukataliwa huko. Huanza kwa kile anachofanya karani baada ya kukataliwa. Foleni ya wakulima iko nje, naye anahifadhi kazi yake kwa jina jingine: "malipo mapya". Kesho yake asubuhi msaidizi wake anafungua lile la zamani na kuendelea nalo. Sasa chama kina leja mbili. Mkulima aliyeleta kilo 312 yumo katika moja na hayumo katika nyingine, na orodha inayopelekwa kwa ajili ya malipo ni ile isiyo na jina lake. Akija kudai, karani anamwonyesha skrini na kusema hukupima. Mtu huyo hana sababu ya kuamini hadithi ya kidirisha, nami singemlaumu. Kwake yeye ameibiwa. Na wakaguzi wa COASCO wakifika, watakuta majedwali mawili yenye jumla mbili, na hakuna maelezo ya mdomo yatakayotosha.

Dawa ya kwanza ni nyepesi. Katika kila kompyuta inayofikia folda ya leja, kidirisha kifungwe: fungua folda, kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya Alt na P, ukibonyeza tena hurudi. Anayekipenda na abaki nacho katika folda za barua na picha, ambako hakuna anayeandika. Katibu anayetaka kuona maendeleo ya siku apewe nakala ya PDF kila jioni. Lakini nakala hiyo itiwe tarehe katika jina lake, kwa maana karani akitaka kutoa PDF mpya kwa jina lile lile huku katibu bado anachungulia ya jana, atakataliwa vile vile, na tutakuwa tumehamisha ugonjwa kutoka mguuni hadi mkononi.

La pili ni majina. Word na Excel zinapofungua faili huweka kando yake faili dogo lililofichwa, ambalo jina lake huanza na alama ~$, na ndani yake mna jina la mtumiaji. Ujumbe usemao faili limefungwa na fulani hulitoa jina humo. Lakini fundi mmoja akiziandaa kompyuta zote za ofisi na kuacha jina lake katika zote, ujumbe utamtaja yeye daima, hata akiwa amekwisha hamia mji mwingine. Kila mashine na iandikwe jina la mtu anayeitumia, au angalau cheo chake.

Kumtafuta anayelishika faili kunawezekana pia. Kwenye kompyuta yenye folda ya pamoja, ikiwa Windows yake ni ya toleo la Pro, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika fsmgmt.msc, na orodha ya mafaili yaliyofunguliwa kupitia mtandao wa ofisi itaonekana, pamoja na majina ya walioyafungua. Mahali hapo pana uwezo wa kulifunga faili kwa nguvu. Usiutumie kabla hujamwuliza mwenyewe, kwa sababu kazi ambayo hajaihifadhi yaweza kupotea.

Wengine watauliza kama haya yote hayamalizwi na MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mifumo ya namna hiyo, iliyojengwa juu ya hifadhidata, kwa kawaida huweza kufunga mstari mmoja mmoja badala ya kitabu kizima, kwa hiyo watu wengi huandika kwa pamoja bila kuzuiana. Lakini mihtasari ya mikutano, barua na majedwali ya awali yaweza kubaki katika Word na Excel hata kwenye ofisi inayoutumia mfumo huo. Chama cha akiba na mikopo cha wachimbaji wadogo wa Geita kina taabu ile ile na chama cha wakulima wa pamba, ila safu za jedwali ndizo tofauti.

Ikiwa karani hana budi kuhifadhi kwa jina jingine ili asipoteze kazi, na afanye hivyo, lakini aandike katika jina hilo tarehe na saa, awaarifu wenzake papo hapo, na mtu mmoja aliyeteuliwa alinganishe majedwali hayo kabla ofisi haijafungwa siku hiyo, stakabadhi za mizani zikiwa mkononi.

Liko jambo la mwisho, la umeme. Ukikatika ghafla, lile faili dogo la ~$ huweza kubaki ingawa aliyeliweka hayupo tena, na siku ya pili kompyuta ikadai kwamba jedwali linatumiwa. Katika hali hiyo kila mmoja ofisini afunge kwanza Word na Excel, pamoja na dirisha la folda. Ujumbe ukiendelea kutokea baada ya hapo, ndipo lifutwe lile faili dogo lenye alama ya ~$, wala si jedwali lenyewe.