Merikebu Iliyozama Mombasa

Somo letu la leo lahusu mali ya kale iliyo chini ya bahari. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya: merikebu, ngome, mpiga mbizi.

Mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira ngome ya Fort Jesus, Mombasa, iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Mwaka 1697 merikebu ya vita ya Wareno, jina lake Santo António de Tanná, ilikuja kuwasaidia waliozingirwa. Iliharibika, ikazama mbele ya ngome ile ile. Mwaka 1698 Waomani wakaitwaa ngome.

Merikebu ililala pale miaka karibu 280. Mbona haikuisha? Mwenye mashua anawajua sana wadudu wa bahari watoboao mbao! Mbao zilizobaki wazi zililiwa. Zilizofunikwa na mchanga na tope zilisalimika, maana wadudu hao hawaishi pasipo hewa.

Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi wa Makumbusho ya Kenya na wenzao kutoka Marekani waliichunguza. Waligawa mahali pale viwanja vidogo vya mraba, kama mkulima agawavyo vitalu vya mboga. Kabla ya kuondoa kitu walikipima, wakakichora, wakaandika kilipolala. Pengine mtu atauliza: taabu yote hii ya nini? Mtungi si mtungi tu? La. Mtungi ulio sokoni hautuambii ila bei yake. Mtungi uliokutwa mahali pake, na vitu vilivyouzunguka, watuambia ulibeba nini na ulitumiwa na nani. Ukishaondolewa bila kuandikwa, habari hiyo haipatikani tena, hata ukirudishwa.

Tena kuna hatari nyingine. Ubao uliokaa majini miaka mingi ukianikwa juani hupinda na kupasuka. Sharti ulowekwe maji baridi kwa muda mrefu ili chumvi itoke, kisha utiwe dawa iliyo kama nta, ishike nafasi ya maji. Chuma nacho humeguka kama mkate mkavu.

Basi, mvuvi akinasa chombo cha kale wavuni afanye nini? Asikisugue, asikiuze. Aweke alama mahali alipokipata, apeleke habari Makumbusho. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yataka habari hiyo itolewe katika siku saba.

Je, watu wa kawaida wana haki ya kuiona mali hiyo? Ndiyo. Mapatano ya UNESCO ya mwaka 2001 yanakataza kuifanyia biashara, lakini yanahimiza watu waruhusiwe kuitazama, hata pale pale baharini, maadamu hawaiharibu. Merikebu yetu, mbao zake zilipimwa, zikaachwa chini na kufunikwa tena. Kuzitoa kungehitaji mahodhi makubwa, miaka mingi na fedha nyingi mno. Naona walifanya vema. Lakini kuacha kitu baharini kusiwe kumficha mwenyewe. Michoro na habari zake zapasa kuwafikia kwanza watu wa pwani, kwa lugha wanayoisoma.

Mizinga, mitungi na sahani za Kichina zilizotolewa zimewekwa katika makumbusho yaliyo ndani ya Fort Jesus. Darasa lililo karibu na Mombasa liende likaone. Walio mbali wajadiliane swali hili: mvuvi maskini aliyepeleka habari badala ya kuuza, apewe nini?