Je, Wajua? Mpira wa Swichi ya Tochi

Mwaka 1843 Thomas Hancock, mwenye kiwanda cha mpira London, aliomba hataza ya kuukomaza mpira kwa salfa na joto, usinate juani wala kukakamaa baridini. (Charles Goodyear wa Marekani alikwisha kugundua jambo hilo mwaka 1839, na Hancock alikuwa ameviona vipande vya mpira wake!)

Hata hivyo, mpira uliokomazwa hivyo, kama ule unaofunika swichi ya tochi, huzeeka: oksijeni, ozoni na jua huukatakata ndani kwa ndani. Ukinata, toa betri, ufute kwa spiriti kidogo, uache ukauke, kisha upake poda. Ukiwa mkavu kwa uzee, grisi ya silikoni husaidia kwa muda. Mafuta ya mgando yaache, huuvimbisha mpira asilia. Uliopasuka hauponi, tafuta mwingine, maana maji yatapita hapo hadi kwenye swichi.