Shujaa Aliyemsamehe Adui Wake

Katika nyumba nyingi za askari na polisi, hadithi za picha hazikosekani. Baba arudipo kutoka lindoni huzikuta zimetapakaa sakafuni, naye mama huuliza: Je, karatasi hizi zina faida gani kwa watoto wetu? Swali hilo si geni. Liliulizwa kwa ukali nchini Marekani zaidi ya miaka 80 iliyopita, na miongoni mwa mashujaa waliolizusha alikuwamo mwanamke mmoja.

Hadithi za Wonder Woman, yaani Mwanamke wa Maajabu, zilianza kutolewa mwaka 1941, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vinawaka. Mtungaji wake, William Moulton Marston, alikuwa mwanasaikolojia, na mchoraji alikuwa Harry G. Peter. Yasemekana kwamba Elizabeth, mkewe Marston, ndiye aliyemshauri mumewe amfanye shujaa huyo kuwa mwanamke. Diana, kwani hilo ndilo jina lake, anatoka katika kisiwa kinachokaliwa na wanawake peke yao. Ndege ya afisa wa upelelezi wa jeshi, Steve Trevor, inaanguka huko. Diana anamwuguza, anamrudisha kwao, kisha anavaa sare ya muuguzi ili apate kukaa karibu naye hospitalini. Zana zake ni bangili za kukinga risasi, na kamba ya dhahabu imlazimishayo aliyefungwa nayo kutii na kusema kweli.

Wasomaji wetu walio polisi watafurahi kujua kwamba kamba hiyo ilikuwa na asili yake. Kabla ya kuwa mtungaji wa hadithi, Marston alikuwa amebuni njia ya kumtambua mwongo kwa kupima mshindo wa damu yake. Alijaribu kuitumia kumtetea mshtakiwa katika kesi ya mauaji huko Washington, lakini mwaka 1923 mahakama ya rufani ilikataa, ikisema kwamba njia hiyo ilikuwa haijakubaliwa vya kutosha na wataalamu. Basi kile alichonyimwa mahakamani, Marston alimpa shujaa wake mkononi.

Lakini jambo lililomtofautisha Diana na wenzake halikuwa kamba wala bangili, bali ni namna alivyowatendea maadui baada ya kuwashinda. Katika makala aliyoitoa majira ya baridi ya mwaka 1943 kuingia 1944, Marston alilalamika kwamba mashujaa wanaume wa hadithi za picha walijaa ukali wa kutisha, huku wakikosa upendo na upole. Kwa hiyo katika hadithi zake maadui hawakuishia kaburini. Walipelekwa katika Kisiwa cha Marekebisho ili wafunzwe maisha mapya.

Mfano mkubwa ni Paula von Gunther, mwanamke mjasusi aliyewatumikia Wanazi, adui mkatili kuliko wote wa siku zile za kwanza. Mwaka 1943 wasomaji walifunuliwa siri yake: Wanazi walikuwa wamemshika bintiye mdogo, Gerta, na kwa hofu ya kumpoteza mtoto, mama akawa mtumwa wao. Diana hakusema, "Na afe, amejitakia." Alikwenda kumwokoa mtoto yule. Tangu hapo Paula akawa rafiki mwaminifu wa aliyekuwa adui yake, akautumia ujuzi wake wa sayansi kumsaidia. Tukumbuke kwamba hadithi hiyo ilisomwa wakati vijana wa Marekani walipokuwa wakifa vitani. Kumwonyesha mtoto wa askari, katika saa kama ile, kwamba hata adui ana mtoto anayemlilia, halikuwa jambo dogo.

Je, wasomaji walimpokeaje? Mwaka 1942 wachapishaji waliwauliza watoto kama Wonder Woman, ijapokuwa ni mwanamke, aruhusiwe kuingia katika chama cha mashujaa wanaume. Katika majibu 1,801 ya kwanza, wavulana 1,265 na wasichana 333 walikubali. Waliokataa walikuwa wavulana 197, na wasichana 6 tu. Akapokewa, lakini mtungaji wa hadithi za chama hicho, ambaye hakuwa Marston, akampa kazi ya ukarani. Wanaume walipokwenda vitani, yeye aliachwa nyuma kujibu barua! Watoto walikuwa wamemfungulia mlango, na mtu mzima akamketisha kizingitini.

Wazee nao walikuwa na hoja zao. Mwaka 1942 jumuiya ya Kikatoliki iliyokuwa ikichunguza maandiko ya vijana iliziweka hadithi hizo katika orodha ya zisizofaa, kwa kuwa mavazi ya Diana hayakumsitiri vya kutosha. Mwaka 1943 Josette Frank, mshauri wa mambo ya vitabu vya watoto, alilaumu picha nyingi za wanawake waliofungwa minyororo. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alimshutumu Diana katika kitabu chake mashuhuri dhidi ya hadithi za picha. Mzazi wa leo hana sababu ya kuwacheka watu hao. Minyororo ilikuwa mingi mno, na yalikuwamo mambo yasiyofaa macho ya mtoto.

Pia kuna swali linalowahusu hasa wanaolinda sheria. Wafungwa wa kile kisiwa walivishwa mshipi wa Zuhura, uliowafanya wawe wapole na watiifu. Je, aliyelazimishwa kuwa mwema ametubu? Askari magereza yeyote anajua kwamba mfungwa hunyenyekea mbele ya bwana jela, ila tabia yake hupimwa siku atokayo langoni. Hapo kisa cha Paula chashinda mshipi: kilichomfunga kwa Wanazi kilikuwa mtoto wake, na huruma iliyomrudishia mtoto ndiyo iliyoufungua moyo wake.

Marston alifariki mwaka 1947, lakini mabishano hayakuzikwa naye. Mwaka 1972 Gloria Steinem, aliyekuwa amezisoma hadithi hizo utotoni, alimweka Diana kwenye jalada la jarida la wanawake la Ms. Oktoba 2016 Umoja wa Mataifa ulimfanya balozi wa heshima wa wanawake na wasichana. Makumi ya maelfu ya watu wakatia sahihi kupinga, na kabla mwaka haujaisha ubalozi huo ukakoma. Wengine waliona ushujaa, wengine waliona mavazi.

Wazazi wenzetu, mkiikuta hadithi ya namna hii mikononi mwa watoto, msiichane upesi wala msiipuuze. Isomeni pamoja nao, kisha waulizeni: Ungalikuwa wewe, adui yako akiisha kuweka silaha chini, ungalimfanyia nini? Askari anafunzwa kushinda, na hana budi ashinde. Lakini vita vikiisha, walioshinda na walioshindwa huteka maji kisima kimoja, na jibu la mtoto wako leo ndilo litakalokuwa desturi ya kisima hicho kesho.