Njia ya Mkato Kihambani: Tuifunge au Tuipange?

Ugomvi wa njia huanza na jambo dogo: mgomba uliovunjwa, parachichi lililochumwa bila ruhusa, au mbwa aliyefunguliwa mchana. Baadaye majirani wawili wanaacha kusalimiana, mmoja anahama jumuiya, na suala linafika mbele ya wazee wa kanisa likiwa tayari limekomaa. Kwa kuwa kamati nyingi za sharika hukutana na migogoro ya namna hii, makala hii inaeleza chanzo chake, sheria inasemaje, na kamati inaweza kufanya nini mapema.

Kwa nini Uru ina njia nyingi za mkato

Umbo la mlima ndilo sababu ya kwanza. Mito kama Karanga na Rau inashuka kuelekea kusini katika mabonde marefu, na barabara za magari zinapanda na kushuka juu ya migongo iliyo kati ya mabonde hayo. Anayetaka kwenda upande wa mashariki au magharibi, iwe shuleni, zahanati, dukani au kanisani, akifuata barabara atazunguka mbali sana. Kwa hiyo hupita katikati ya vihamba vya watu. Mama aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare hupita huko, na wanaobeba mgonjwa au jeneza nao hupita huko.

Zamani jambo hili halikuleta shida kubwa. Kihamba kilikuwa kipana, nyumba iko katikati ya migomba na kahawa, na njia inapita pembeni kwenye mpaka wa masale. Leo kihamba hicho kimegawanywa kwa wana na wajukuu. Njia iliyokuwa pembeni sasa inapita mbele ya mlango wa jiko la mtu, au karibu na makaburi ya wazee wake. Tena wapo wenzetu wanaoishi Dar es Salaam au Arusha, ambao hurudi Desemba, wakajenga ukuta wa tofali na kuweka geti, kisha Januari wakaondoka na ufunguo.

Pande zote mbili zina hoja

Mwenye kihamba anaibiwa ndizi na kahawa. Njia ya miguu inageuzwa kuwa njia ya pikipiki, na mvua za masika zikija, njia hiyo huwa mfereji unaobeba udongo wake. Anataka familia yake ilale kwa usalama, na hilo ni haki yake.

Mpitaji naye anasema kwamba babu yake alipita hapo, na kwamba njia ikifungwa mtoto wa darasa la kwanza atalazimika kutembea barabarani penye magari. Kamati inayomwita mmoja mchoyo na mwingine mvamizi haitaweza kuwapatanisha.

Sheria inasema nini

Vihamba vingi viko katika ardhi ya kijiji, ambayo husimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mwenye kihamba ana haki ya kimila juu ya ardhi yake hata kama hajapata hati. Lakini sheria za nchi zinatambua pia haki ya mtu kupita juu ya ardhi ya mwingine. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai ya mwaka 1971, njia iliyotumika waziwazi, kwa amani na bila kukatizwa kwa miaka 20, kama haki na si kwa hisani, inaweza kuwa haki kamili ya mpitaji.

Hapa pana fundisho muhimu. Kupita kwa ruhusa si sawa na kupita kama haki. Mwenye ardhi anayetoa ruhusa kwa maandishi anajilinda kuliko yule anayenung'unika kimya kwa miaka mingi, halafu siku moja akaamka na kuziba njia kwa miiba.

Majirani wakishindwa kuelewana, mahali pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na kati yao wasiopungua watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu wala halitoi hukumu ya ardhi. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kufika huko ni gharama ya nauli, muda na pengine wakili, na baada ya hukumu watu hao wataendelea kuwa majirani.

Tujifunze kutoka kwenye mfongo

Wazee wetu walikwisha kutatua tatizo linalofanana na hili. Mfongo wa maji hupita katika vihamba vya watu wengi. Mwenye kihamba huuacha upite, lakini haupiti ovyo: una mkondo wake, una zamu, na wanaoutumia hutoka pamoja kuusafisha. Asiyetoka kazini huwajibishwa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Old Moshi na kuchapisha kitabu juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926, aliuhesabu ujirani pamoja na ukoo na rika kuwa vifungo vinavyoishikilia jamii. Njia ya miguu nayo ipangwe kwa utaratibu wa mfongo.

Hatua tunazopendekeza

1. Kamati itembee njia yote pamoja na mwenye kihamba, wapitaji, balozi na wanawake wanaoitumia kila siku.

2. Itafutwe nafasi ya kuihamishia njia mpakani, mbali na nyumba na makaburi, na masale yapandwe pande zote mbili.

3. Wakubaliane masharti: upana, saa za kupita, hakuna pikipiki, mifugo ifungwe kamba. Wagonjwa na misiba wapite saa zote.

4. Wapitaji wajitolee siku ya kazi kuweka ngazi za mawe na kukinga maji yasibebe udongo.

5. Makubaliano yaandikwe, yasainiwe na pande zote mbele ya mashahidi, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Anayeishi mjini aache mwakilishi mwenye ufunguo.

Uwanja wa kanisa nao

Viwanja vya sharika vina njia za mkato pia. Usharika ukizungusha uzio bila kuuliza nani anapita hapo, uzio utakatwa. Kwa hiyo wahisani wetu wakiona katika bajeti ya uzio kipengele cha geti dogo la waenda kwa miguu na ngazi za mawe, wasidhani ni anasa. Walioko Sweden wanaufahamu utaratibu huu: kwao mtu anaruhusiwa kutembea katika ardhi ya mwingine, lakini si karibu na nyumba wala katika mazao.

Tunazishauri kamati zifanye matembezi hayo kabla ya Desemba, wakati kuta mpya hazijaanza kujengwa.