Kumlea Malkia wa Nyuki

Mzinga uliokosa malkia hauna maisha: nyuki hupungua mpaka wakaisha. Ndipo hapa Tarasaa nikajaribu kulea malkia mwenyewe. Nilihamisha masega yenye mayai na majana machanga, pamoja na nyuki wake, nikayatia katika mzinga mtupu; malkia nikamwacha kwake.

Jaribio la kwanza liliharibiwa na siafu. La pili niliutundika mzinga kwa waya uliopakwa grisi. Nyuki wakajenga vyumba vinavyoning'inia, mfano wa ganda la karanga.

Ajabu ni hii: yai la malkia na la mfanyakazi ni namna moja. Mfanyakazi hupewa maziwa ya nyuki siku chache tu. Malkia hulishwa hayo hayo. Tangu yai, yeye hutoka kwa siku 16, mwenzake 21.

Sura An-Nahl yatuita tutafakari. Nami naona: umalkia ni malezi.